Unataka kazi ya diplomasia na uko chuo Mbeya au Iringa? Anzia hapa

Kila ninaporudi Mbeya likizo nakutana na swali lilelile. Kijana yuko mwaka wa pili, anasoma ualimu, sheria, uhasibu au uhandisi, na anauliza kwa sauti ya chini kama anayeomba kitu kisicho chake: "Dada, mtu wa huku kwetu anaweza kufika ubalozini?" Huwa namtajia Balozi Augustine Mahiga. Alizaliwa Tosamaganga, Iringa, mwaka 1945. Akasoma Dar es Salaam na Toronto, akahudumia wakimbizi kupitia Umoja wa Mataifa, akawa mwakilishi wetu wa kudumu New York, na kuanzia 2010 akawa mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwa Somalia. Baadaye tukamwona akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Suala la "mtu wa huku" lilikwisha zamani. Linalobaki ni utakachofanya katika hiyo miaka mitatu au minne uliyopewa chuoni.

Kuna jambo nililielewa nikiwa nimechelewa, nalo ndilo limenifanya niandike mwongozo huu. Wengi tunadhani diplomasia ni kazi ya wasemaji hodari. Afisa mpya hasemi sana. Anakaa kiti cha nyuma, anasikiliza kikao cha muda wa saa tatu, na kabla hajalala anaandika kurasa mbili za kumwezesha mtu aliyeko Dodoma, ambaye hakuwepo kikaoni, kufanya uamuzi. Nani alisema nini na kwa maneno gani, alikwepa nini, sisi tujibu vipi. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, ibara ya 3, unataja kazi za ubalozi: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali mwenyeji, kufuatilia hali ya nchi ile kwa njia halali na kutoa taarifa nyumbani, na kukuza urafiki na ushirikiano. Karibu kila moja ya kazi hizo huishia kwenye karatasi ambayo mtu fulani lazima aiandike, na aiandike kwa ukweli. Kusikiliza na kuandika kwa namna hiyo unaweza kujifunza palepale ulipo, bila kusubiri Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Tulia kwenye kozi yako

Usihangaike kuhama kozi kwa sababu cheti chako hakitasomeka "uhusiano wa kimataifa". Nchi hujadiliana kuhusu mabomba ya mafuta, mito, dawa, kodi na magonjwa ya mimea. Novemba 2022 Tanzania ilipopata makubaliano ya kupeleka parachichi China, yaliyohitaji kujadiliwa ni wadudu, usajili wa mashamba na ukaguzi wa mzigo. Mkulima wa Njombe au Rungwe alifunguliwa soko na watu walioielewa parachichi, pamoja na walioelewa namna ya kuandika makubaliano. Mwanachuo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anayejua mitambo ya umeme ana la kusema pale nchi mbili zinapozungumzia kuuziana umeme.

Ukishahitimu, unaweza kuongeza stashahada ya uzamili katika Chuo cha Diplomasia kilichopo Kurasini, ambacho sasa kinabeba jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Kilianzishwa 1978 kwa ubia wa Tanzania na Msumbiji. Dkt. Salim mwenyewe alipelekwa kuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, kwa hiyo usikubali mtu akuambie wewe bado mdogo.

Ufaulu wako ni lazima uwe mzuri. Hilo halihitaji maelezo.

Hatua ya 2: Omba ukatibu

Kila uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, watu hugombania urais na uwaziri. Wewe gombea ukatibu. Ukatibu wa kamati ya hosteli, wa klabu, wa kikundi cha maombi, wa chama cha wanachuo wanaotoka mkoa mmoja, hata wa kamati ya kuchangia msiba. Katibu ndiye anayeamua kikao kitakumbukwaje.

Nilikuwa katibu wa kamati ya hosteli nikisoma Iringa. Maji yalikatika karibu wiki tatu, tukaenda kumwona Mshauri wa Wanafunzi. Alituambia kwamba pampu mpya haiwezi kununuliwa kabla ya bajeti ya Julai, ila angeomba gari la maji mara mbili kwa wiki. Nilitoka pale nina hasira. Nilikuwa nimebeba ndoo tangu alfajiri. Kwenye kumbukumbu za kikao nikaandika: "Menejimenti imekataa kununua pampu." Neno "imekataa" lilikuwa langu, halikuwa lake. Lile gari la maji sikuliandika kabisa. Karatasi ikabandikwa ubaoni saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku wenzetu wakawa uwanjani na madebe. Wawili walisimamishwa masomo muhula mzima. Gari la maji lilikuja kesho yake, kama tulivyoahidiwa.

Bado naumia nikilikumbuka. Lakini tangu siku hiyo nikajiwekea utaratibu, na ndio nilioutumia kazini miaka yote. Uchukue kama ulivyo.

Katika daftari la kikao, gawa ukurasa sehemu mbili kwa mstari. Kushoto andika maneno ya msemaji, kwa karibu kadiri unavyoweza. Kulia andika mawazo yako: "hakutaja tarehe", "amerudia jambo hili mara ya tatu", "mwenzake amenuna". Usizichanganye kamwe. Ukiandika taarifa, anza na yale ya kushoto. Yale ya kulia yaweke mwishoni chini ya kichwa chake, ili msomaji ajue hayo ni maoni yako.

Andika usiku uleule. Kesho yake utakuwa umeshaanza kukumbuka kile ulichotamani kisemwe.

Kisha mpe mtu ambaye hakuwepo. Muombe akusimulie kilichoamuliwa. Akikosea, kosa ni la karatasi yako. Mimi nilimtumia mama mmoja aliyekuwa akituuzia chapati nje ya geti. Alisoma hadi darasa la saba tu, na hakuna mhariri aliyewahi kuninoa kama yeye. Alikuwa akiniuliza, "Sasa nani anapaswa kufanya hiyo kitu, na lini?" Nikarudi nikaandika upya.

Pia ichunge tofauti ya vitenzi. Alisema, alidai, alikiri, aliahidi, alidokeza, alikataa: kila kimoja kina uzito wake, na serikali zinaweza kukosana kwa kimoja kilichowekwa mahali pasipo pake.

Hatua ya 3: Chumba, bumu na salamu

Kama una nafasi ya kuchagua wa kulala naye chumba kimoja, usichague mtu mliyesoma naye sekondari ya Loleza au Sangu hapa Mbeya. Kaa na mtu wa Pemba, wa Bukoba, wa Mtwara. Mtagombana kuhusu taa, mziki, mgeni wa usiku na zamu ya kufagia. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu, likichelewa mtakopeshana, na mtajifunza kudai bila kuvunjiana heshima. Mazungumzo ya nchi hayako mbali sana na hayo.

Salamu nazo ni shule. Mtoto wa Iringa hukua akisikia "kamwene", wa Tukuyu "ugonile", na wote wanajua kwamba ukianza na shida yako kabla ya kumjulia mtu hali, umeshaharibu. Shikilia hilo. Nimeona mazungumzo magumu yakilainika kwa sababu afisa wetu alikumbuka kuuliza kuhusu mama wa mwenzake aliyekuwa hospitalini mwezi uliotangulia.

Hatua ya 4: Panda gari uende mpakani

Hapa ndipo mwanachuo wa nyanda za juu kusini anapompita mwenzake wa miji mingine, na inanisikitisha kwamba wengi hawaitumii nafasi hii. Kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma ni kilomita 100 na kidogo. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Ukishuka kupitia Tukuyu unafika Kasumulu, na ukivuka daraja la mto Songwe uko Malawi. Mipaka miwili ya kimataifa, kwa nauli ya basi dogo.

Tunduma kuna Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa 2019. Zamani lori lilisimama upande huu, likamaliza taratibu za kutoka, likavuka na kuanza upya taratibu za kuingia. Sasa lori linalotoka Tanzania hukamilisha yote kwa kusimama mara moja upande wa Nakonde, ambako maafisa wa nchi zote mbili wako pamoja, na linaloingia husimama upande wetu. Fikiria maana yake: afisa wa forodha wa Tanzania anatekeleza sheria za Tanzania akiwa ndani ya ardhi ya Zambia. Mtu alilazimika kukaa na kuandika ni sheria ipi inamlinda, nani anamkamata akikosea, na fedha anazokusanya ni za nani. Ukisoma mkataba wa namna hiyo darasani utasinzia. Ukisimama pale ukaona foleni ya malori ya shaba, utausoma kwa hamu.

Fanya hivi. Omba barua ya utambulisho chuoni. Ifikishe ofisi ya mkuu wa kituo kabla ya siku ya safari. Usipige picha eneo la mpaka bila ruhusa. Zungumza na watu wa aina nne: afisa wa uhamiaji, wakala wa forodha, dereva wa lori, na mama anayevusha mchele au vitenge kwa kichwa. Waulize wote swali moja: "Kitu gani kinakuchelewesha?" Utapata majibu manne yasiyofanana. Rudi uandike kurasa mbili zenye yote manne bila kumpendelea yeyote.

Chukua na mfano wa karibuni. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Kabla ya hapo Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya bidhaa za kilimo kutoka nje, zikiwemo za kwetu, na Afrika Kusini ilikuwa imezifungia mlango ndizi zetu kwa miaka. Nchi zikazungumza, na mwanzoni mwa Mei zuio letu likaondolewa. Kwa mtu wa Dar es Salaam ilikuwa habari ya magazetini. Kwa mwenye mzigo wa ndizi pale Kasumulu kila siku ya mazungumzo ilikuwa siku ya kuoza. Tangu Sera ya Mambo ya Nje ya 2001 tunaiita kazi hii diplomasia ya uchumi, na mwanachuo wa Mbeya anaweza kuiona kwa macho yake kabla ya kuisoma kwa jina hilo.

Hatua ya 5: Soma mikataba iliyopita kwenu

Mkataba wa Vienna una ibara 53. Usome wote, mara moja, wikiendi moja. Kisha rudia ibara ya 9 kuhusu mwanadiplomasia asiyetakiwa, ya 22 kuhusu jengo la ubalozi kutoingiliwa, ya 29 kuhusu kinga ya mwanadiplomasia mwenyewe, na ya 41 inayomtaka aheshimu sheria za nchi mwenyeji. Hizo utaulizwa.

Baada ya hapo njoo kwenye yanayotuhusu. Kalenga, jirani na Iringa mjini, lipo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Wengi tulipelekwa pale tukiwa shule ya msingi, tukaoneshwa, tukarudi. Hatukuambiwa kwamba fuvu hilo limo ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita ya Kwanza ya Dunia. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu hilo ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954. Miezi sita ikawa miaka 35. Nenda Kalenga, halafu ukae na ibara hiyo ujiulize kama mtu wa kazi: ilikosa nini? Nani alipaswa kufuatilia? Ingekuwaje kama ingesema litambuliwe vipi, na kwa nani Wahehe wapeleke madai likichelewa? Saa moja ya zoezi hilo ilinifundisha uandishi wa makubaliano kuliko muhula mzima.

Zoezi la pili ni Ziwa Nyasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki, na Malawi husimama hapo, ikiongeza azimio la wakuu wa nchi za Afrika la Cairo, 1964, la kuheshimu mipaka iliyokutwa wakati wa uhuru. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya sheria za kimataifa kwa maziwa yanayogawanywa na nchi mbili. Mvutano ulipopamba moto 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, jopo la viongozi wastaafu wa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji lilibeba usuluhishi.

Andika kurasa mbili ukiwa mwakilishi wa Tanzania. Hiyo ni rahisi, moyo unakusukuma. Kesho yake andika mbili ukiwa wa Malawi, na uziandike kwa nguvu zote, kiasi kwamba Mmalawi akizisoma aseme "naam, huyu ametuelewa." Wengi hushindwa hapa. Wanaona kama ni usaliti. Lakini huwezi kuitetea Tanzania mbele ya mtu ambaye hoja yake hujawahi kuisikiliza hadi mwisho. Ukikwama, mtafute mvuvi wa Matema au wa Itungi, umuulize usiku anavua wapi na anakutana na nani.

Hatua ya 6: Lugha tatu

Kiswahili kwanza, na simaanishi cha kuongea tu. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Wanahitajika watu wa kutafsiri hati na mazungumzo. Jizoeze: chukua hotuba ya dakika tano ya Kiingereza, isikilize mara moja, iseme kwa Kiswahili. Kisha geuza.

Kiingereza cha kuandika lazima kinyooke. Kisha ongeza lugha ya tatu: Kifaransa au Kireno kwa majirani zetu, Kiarabu au Kichina ukipata mwalimu. Msikitini kuna wanaofundisha Kiarabu vizuri kuliko unavyodhani. Nusu saa kila siku kwa miaka mitatu itakufikisha mbali.

Na lugha ya nyumbani usiitupe. Kinyakyusa na Kinyamwanga vinavuka mpaka kama vilivyo.

Hatua ya 7: Fildi na klabu

Wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, usikimbilie Dar es Salaam kwa ajili ya jina la ofisi. Omba halmashauri ya wilaya iliyo mpakani, ofisi ya mkuu wa mkoa, kituo cha forodha, shirika linalohudumia wakulima. Utakachojifunza huko ni dokezo: namna serikali inavyoandikiana ndani, jalada linavyotembea, na kwa nini barua yenye aya sita haijibiwi. Muombe mtunza kumbukumbu wa masijala akueleze. Watu hao hawaulizwi kitu, na wanajua kila kitu.

Klabu za vijana za Umoja wa Mataifa zipo katika vyuo vingi. Jiunge, igizeni Baraza Kuu, na ukipewa kuwakilisha nchi usiyoipenda, furahi.

Hatua ya 8: Jina lako

Kabla ya kupewa dhamana utafanyiwa upekuzi. Wataulizwa walimu, majirani, wenye nyumba uliyopanga. Deni la duka, tuhuma za kununua mtihani, matusi uliyoandika mtandaoni ukiwa mwaka wa kwanza kuhusu kabila au dini ya mtu, vyote vinaweza kurudi. Mimi huwaambia wanaoniuliza: usiandike kuhusu taifa lolote neno ambalo ungeona haya kusomewa na balozi wake.

Hatua ya 9: Maombi na usaili

Nafasi unayoitafuta inaitwa Afisa Mambo ya Nje Daraja la II. Hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia mfumo wao wa mtandaoni. Fungua akaunti mapema, ukiwa bado na muda wa kusahihisha majina. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vya shule, cha chuo na kitambulisho cha taifa yafanane. Kama hayafanani, anza kushughulikia sasa, kwa sababu matangazo hukaa siku chache. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Soma tangazo lenyewe kwa sifa za fani na lugha, kila mara, hata kama unadhani unalijua.

Kwanza huwa kuna mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Kwa mchujo, fanya mazoezi ya kufupisha: makala ya kurasa nne iwe nusu ukurasa. Kwa mahojiano, ukiulizwa usichokijua sema hujui, kisha eleza ungekitafuta wapi. Waliokaa mbele yako wamesikia ubabaishaji wa kutosha.

Mara ya kwanza sikupita. Nilishuka ngazi za jengo lile nikiwa na machozi, nikaingia kwenye mgahawa, nikaagiza chai. Kisha nikatoa daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto maswali yote niliyoulizwa na majibu niliyotoa, neno kwa neno. Kulia mahali nilipoona mjumbe mmoja ameacha kuandika. Ukurasa huo nilikaa nao miezi kumi na minne. Usiku wa kuamkia usaili wa pili niliusoma tena nikiwa kwa shangazi Mwanjelwa, umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Asubuhi yake, mawili kati ya maswali yaliyokuwa yamenishinda yaliulizwa tena.